Wananchi Waliokubali

Ile taa ndefu tunayoiita mulika mwizi ingesimamishwa mbele ya baa, mahali ambapo tayari pana mwanga wa kutosha kuchambua maharagwe. Kichochoro cha nyuma ya fleti zetu, anakopita binti yangu Lorine akitoka kiwandani, kingebaki na giza lake. Ameshaporwa humo mara mbili.

Nikaenda kwa Kilonzo, afisa wa wadi, kumuuliza nani aliamua hivyo.

"Wananchi walikubali, mama."

Wananchi gani? Swali hilo lilinikera kama mwiba wa samaki kooni. Nikazunguka mtaani Kayole nikiwatafuta. Fundi viatu hakusikia mkutano wowote. Muuza mboga alikuwa sokoni siku ya mkutano. Mwishowe jirani yangu Koki akacheka.

"Si mimi nilikuwa huko! Na hata sikuongea."

"Sasa ulikubali vipi?"

"Wakati wa kufunga mkutano, pasta aliombea taa ya hapo kwa baa. Nikasema amina, kama kila mtu. Wewe Mama Lorine, ungekataa maombi?"

Nilikasirika, nikacheka, kisha nikakasirika tena. Kumbe amina ndiyo iliyohesabiwa kuwa kura!

Nikasikia kwamba Jumamosi kuna mkutano wa mwisho kuhusu taa hiyo. Nikabisha mlango baada ya mlango, nikiwasihi hasa wanawake wa kiwandani: njooni, na mje na midomo yenu. Wakaja hadi viti vikaisha.

Kilonzo alipouona umati huo, akahutubu weee, mpaka nafasi ya maswali ikaliwa yote. Akatazama saa.

"Muda umekwisha. Mama mmoja atufungie kwa maombi."

Nilisimama kabla hajamaliza kusema. Mungu anisamehe kama nilikosea.

"Baba, asante kwa taa. Wewe uonaye gizani unakijua kichochoro cha nyuma ya fleti. Ulimwona Lorine wangu akirudi bila viatu, akitetemeka. Tunaomba taa isimame huko, wala si kwa baa, ambako walevi wanaonana vizuri tu."

Nikafungua jicho moja. Kilonzo alikuwa amefungua yote mawili.

"Amina!" wakaitika, na sauti ya Koki ikawa juu ya zote.

Kilonzo akabaki na kalamu mkononi, haandiki.

"Andika basi," nikamwambia. "Wananchi wamekubali."