Nafasi ya Karatasi Mbili

Vitako kumi na vitatu vya bunduki vilirudishwa kiwandani ndani ya miezi minne, vyote vimepasuka mahali pamoja: shingoni, pale mkono wa mpigaji unapokamata. Bunduki zenyewe zilikuwa nzima. Zilikuwa nakala za zile bunduki za kale za risasi moja, ambazo watu wa Gardone, mji wa mafundi bunduki katika bonde moja la Italia, huwatengenezea wazungu wa Amerika wanaopenda kulenga shabaha kama babu zao. Chuma hakikuwa na kasoro. Mbao ndizo zilizoaibisha, na mteja mmoja alitolewa kibanzi shavuni hospitalini.

Delfina, fundi wa vitako mwenye karakana yake mwenyewe, alipewa nafasi moja. Atengeneze kitako kipya cha mbao ya mjozi, akifunge kwenye bunduki, akilete Ijumaa kwenye handaki la majaribio la kiwanda. Kitapigiwa risasi tano za baruti nzito. Kikihimili, vitako vyote vya kubadilishia vitatoka katika karakana yake. Kikipasuka, kazi inabaki kwa Egidio, mkuu wa idara ya mbao, na mashine yake ya kuchonga, na Delfina aanze kutafuta mtu wa kununua patasi zake. Tangu Januari hakuna mteja mwingine aliyebisha hodi.

Alifanya kazi siku kumi na moja. Alishika chuma cha bunduki juu ya utambi wa taa mpaka kikawa cheusi kwa masizi, akakikandamiza ndani ya mbao, akakitoa, akatazama masizi yameacha alama wapi. Palipokuwa na weusi alikwangua kidogo sana, kiasi cha vumbi. Kisha akarudia. Mkono ulipochoka alikwenda kukoroga polenta, ugali wa kwao, akarudi tena.

Alijua anachokitafuta. Bunduki ikifyatuka hupiga teke kwa nyuma. Teke hilo lazima lipokewe na mabega mawili ya chuma, la kulia na la kushoto, yaliyoegemea mbao sawasawa. Nyuma ya mabega kuna mkia mwembamba wa chuma unaolala juu ya shingo ya kitako. Ncha ya mkia huo haipaswi kugusa mbao hata kidogo. Ikigusa, inakuwa kabari, na kazi ya kabari kila mpasua kuni anaijua. Kwa hiyo Delfina aliacha nafasi nyuma ya ncha, nyembamba, unene wa karatasi mbili.

Baba yake, Mzee Bortolo, aliiona kwa kidole, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha kufifia. Alikuwa na miaka themanini na moja, na hamsini kati ya hiyo aliitumia kutengeneza vitako vya bunduki za matajiri wa kuwinda kware. Alipitisha ukucha juu ya mkia, ukucha ukazama.

"Umeacha mlango wazi," alisema.

Delfina akamweleza sababu. Mzee akajibu kwamba zamani zake mtu akiacha pengo kama hilo alipewa ufagio wiki nzima, na kwamba kitako hupimwa kwanza kwa jicho, mengine baadaye. Delfina akamwambia kware hawapigi teke. Bunduki hizi zinarusha risasi nene kama kidole gumba. Mzee akaguna, akarudi kwenye kiti chake karibu na jiko. Delfina akadhani yamekwisha.

Ijumaa asubuhi alimpeleka binti yake Ilaria kituoni kuwahi treni ya kwenda kwenye mtihani. Alichukua dakika arobaini, labda hamsini. Aliporudi alimkuta mzee kasimama mlangoni, amevaa koti lake la harusi na mazishi, bunduki mikononi imeviringishwa blanketi.

"Nimeshaipaka mafuta mkono wa mwisho," alisema. "Twende, usije ukawapa sababu ya kusema."

Walikuwa wamechelewa. Delfina hakufungua blanketi. Hilo lilikuwa kosa lake yeye, na baadaye hakulikana.

Handaki lilikuwa la zege, refu, lenye harufu ya baruti iliyoganda ukutani. Tarcisio, mfyatuaji, alikuwa akipanga risasi zake tano juu ya kitambaa. Injinia Pedretti, mama mwenye mvi fupi ambaye ndiye angetoa uamuzi, alikuwa akisoma kitu kwenye simu. Egidio alikuwa amesimama na karatasi zake, na alipomwona mzee akatabasamu.

"Dada Delfina, umekuja na baba asali rozari?"

"Amekuja kuona mashine yako ikipata likizo," Delfina alijibu, akatia sahihi alipoonyeshwa.

Sahihi hiyo ilikuwa na maana yake. Kanuni ya handaki ni moja na haina msamaha: kitako kikishasainiwa, chombo chochote hakikigusi tena mpaka majaribio yaishe. Ukikigusa, umejitoa.

Tarcisio akaichukua bunduki. Akaigeuza chini ya taa, akapitisha kidole gumba juu ya mkia, taratibu, kama mtu anayempapasa farasi.

"Mama yangu," alisema. "Hapa hata ukucha hauingii. Mkono wa dhahabu huu."

Delfina alijua ukucha ulipaswa kuingia. Akasogea, akainama. Nafasi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ubanzi wa mjozi uliochongwa mwembamba kama utando wa maziwa, umebandikwa kwa gundi, umesuguliwa na kupakwa mafuta, hata mishipa ya mbao imefuatana na mbao ya jirani. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuiona. Katika bonde zima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuifanya kwa kidole bila macho.

Alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinua kidevu, anasubiri kusifiwa.

Tarcisio tayari alikuwa ameweka risasi. Alikaa, akaegemeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga, akaleta shavu kwenye kitako. Delfina akahesabu alichonacho. Akinyamaza, labda kitahimili risasi tano kwa bahati. Mbao ilikuwa kavu, ya miaka saba. Labda. Akisema, itabidi kiguswe, naye atakuwa amejitoa, na atamwaibisha baba yake mbele ya Egidio. Kisha akaona shavu la Tarcisio lilipo, limelala juu ya shingo ya kitako, na hesabu ikaisha.

"Toa shavu lako hapo," alisema. "Tarcisio, simama."

Tarcisio akasimama. Egidio akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi, kama aandike kwamba karakana imejitoa.

"Sijajitoa. Kitapigwa kama kilivyo. Lakini kifungeni kwenye jiliwa, likibane badala ya mtu, kivutwe kwa kamba, pasiwe na mtu nyuma yake. Kitapasuka."

Injinia Pedretti akaweka simu mfukoni. Alimuuliza Delfina anawezaje kuleta kitako anachojua kitapasuka.

"Nilikijua kizima. Sasa hivi nimekiona kina ugonjwa wa vile vyenu kumi na vitatu. Ncha ya mkia inagusa mbao. Nilikuwa nimeacha nafasi, imezibwa." Akaionyesha kwa kidole. "Nimeiziba mimi. Nilitaka kipendeze."

"Mwongo," alisema Mzee Bortolo kutoka kwenye benchi.

Watu wote wakageuka. Mzee alikuwa akijaribu kusimama, na koti lilikuwa limemkaba.

"Hajawahi kuwa na mkono wa kuchonga ubanzi kama huo. Nimeziba mimi, kwa wembe wangu, leo asubuhi, yeye hayupo. Mwandike Bortolo."

Egidio alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Delfina hakumtazama baba yake. Alimwambia injinia kwamba ufa utaanzia nyuma ya ncha ya mkia, utashuka kushoto kufuata mishipa ya mbao, na utaishia chini ya kidole cha kati. Ukienda kwingine, basi yeye hajui kitu na mashine iendelee.

"Risasi ya ngapi?" aliuliza injinia.

"Ya tatu."

Wakaifunga. Tarcisio akafunga kamba kwenye kifyatulio, wote wakarudi nyuma ya kioo kinene. Risasi ya kwanza ilitikisa kioo. Tarcisio akaenda, akatazama, akatikisa kichwa: kizima. Ya pili, kizima. Egidio akaanza kupiga karatasi zake pajani. Delfina alijikuta anaomba mbao yake mwenyewe ivunjike, siku kumi na moja za mikono yake, na akajichukia kidogo kwa hilo.

Ya tatu ilikuwa na sauti mbili, mlio wa baruti na ndani yake mwingine, mkavu, kama mtu kavunja mfupa wa kuku. Tarcisio aliileta bunduki juu ya meza. Ufa ulianzia nyuma ya ncha ya mkia, ukashuka kushoto, ukaishia pale kidole cha kati kinapokaa.

Injinia Pedretti alimtuma Egidio akalete vile kumi na vitatu. Egidio alisema viko ghala la juu, funguo hana. Injinia akamtazama tu. Vilipoletwa vilipangwa mezani kimoja kimoja, na Delfina hakuhitaji kueleza tena. Kila ncha ya mkia ilikuwa imekaa kwenye mbao, imebana vizuri, safi, kama mashine ilivyofundishwa. Palipokuwa na mabega, mbao ilikuwa bado na mng'ao wa mafuta mapya; chuma hakikuwahi kuigusa.

"Unataka muda gani kuleta kingine?" aliuliza injinia.

"Siku kumi na moja. Na mlango wangu nitaufunga kwa kufuli."

"Leta. Mpaka hapo mashine izimwe. Egidio, umesikia."

Njiani kurudi, gari likifuata mto Mella, mzee alikuwa ameweka kitako kilichopasuka mapajani. Alipitisha kidole kwenye ufa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia.

"Ya tatu," alisema. "Ulijuaje ni ya tatu?"

"Sikujua. Nilibahatisha."

Mzee aliupapasa ufa mpaka darajani.

"Ubanzi wenyewe haukung'oka," alisema.

"Haukung'oka, baba. Ndiyo balaa yenyewe." Akabadilisha gia. "Kingine kikiwa tayari utapaka mafuta. Patasi sitaki kuiona mkononi mwako."

"Na wembe?"

"Na wembe."