Udongo wa Shangazi

Niliposhuka kwenye pikipiki, begi bado begani, waya uliokuwa ukishikilia okidi ya Papa barazani ulikuwa mtupu. Okidi yenyewe ilikuwa chini ya dirisha lake, ndani ya bidoni la njano la kuchotea maji, lililokatwa mdomo, imefukiwa hadi shingoni kwa udongo mweusi na mavi ya mbuzi. Maji yalituama juu yake.

Damu ilinipanda kichwani. Hata leo, nikiandika haya, inapanda.

Mmea ule uliletwa na Monsieur Toussaint, Muhaiti aliyemfundisha Papa hesabu zamani, mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Albertville. Alipozeeka akamwachia mwanafunzi wake. Kisiwani kwao huota juu ya matawi, mizizi ikiwa hewani. Inakunywa mvua, kisha inakauka kwa upepo. Ukiizika, inaoza. Papa aliufunga kwenye kipande cha shina la mgazi, yaani mchikichi, akautundika, na kila asubuhi akaupulizia maji kidogo. Miaka yote hiyo ulimpa majani tu. Majirani walimcheka: fundi wa reli analea magugu! Naye alicheka, akaendelea kupulizia.

Mwaka ambao ziwa lilipanda na kula nyumba za ufukweni, Papa alianguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Nikawa napulizia mimi. Ndipo mmea ukatoa bua refu, jembamba, lenye vitumba viwili nchani. Papa akaomba kitanda kisogezwe dirishani.

"Nilione tu hilo ua," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Kisha naweza kwenda."

Hakuwa anatania.

Halafu mama mkwe akafariki Kabalo, nikalazimika kwenda kuzika. Dada mkubwa wa Papa, Shangazi Pétronille, akaja kumuuguza. Amelima mihogo maisha yake yote; baada ya kila mvua kubwa hupita mashambani akifunika mizizi iliyofukuliwa na maji, hata ya jirani. Sikumwachia maagizo. Papa alikuwapo, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi.

Niliingia chumbani bila kubisha.

"Papa, uliona vile anafanya?"

"Niliona."

"Na haukusema kitu?"

"Njo yeye alinilea, mama. Alikuwa anaimba."

Alikuwa anaimba! Nilimwambia kwamba vitumba bado ni vibichi, kwamba nikiung'oa mmea sasa hivi na kuosha mizizi, huenda ukapona.

"Ukiung'oa, ataona."

"Aone!"

Akanishika mkono kwa ule wake mzima. "Hapana, Ella."

Kwetu shangazi ni baba, na baba haambiwi kwamba amekosea. Nimekulia ndani ya heshima hiyo na siku ile niliichukia, nikamchukia na yeye, mgonjwa wangu, aliyelala pale akitazama kitu pekee alichokitamani kikizikwa, akanyamaza ili dada yake asione haya. Alikuja kufa kabla mvua za mwaka ule hazijakatika. Ua hakuliona.

Lakini siku ile nilitoka nje nikiwa nimeshaamua kuung'oa. Niliinama, nikatumbukiza vidole kwenye udongo, nikaupata mzizi mmoja ambao bado ulikuwa mgumu.

"Ella! Umerudia!" Shangazi alitokea nyuma ya nyumba na ndoo, uso wote unacheka. "Mulikuwa munaacha hii muti inakufa na njaa, mizizi yote inje! Nimeipatia chakula. Angalia vile inakunywa."

Nilitazama dirishani. Papa alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo inamtetemeka, macho hayanitoki.

Nilivitoa vidole.

"Aksanti, Shangazi."

"Na wewe uimwangilie, mutoto wangu, ikuzoee," akasema, akanipa kikombe kilichojaa.

Nikaumwagia mmea maji yote.