Folda Iliyovimba

Asubuhi ile fundi wa kompyuta hakutulia. Anakaa, anainuka, anachungulia kioo cha kompyuta, anakaa tena. Folda ya wote, ile iliyobeba ramani zote za nyumba zilizochorwa na ofisi yao, haikuwepo. Jana jioni aliiona kwa macho yake. Leo pamebaki pengo kama jino lililong'olewa, na mteja anakuja mchana kuchukua ramani zake.

Bosi, mama mfupi asiyejua kunong'ona, alisimama nyuma ya kiti chake. Alitaka folda za watu zifunguliwe zote, moja baada ya nyingine, mpaka kitu kionekane.

Hapo ndipo fundi alipokwama. Alipomgawia kila mfanyakazi folda yake mwenyewe, yenye kufunguka kwa neno lake la siri, watu walikataa katakata kuzitumia. Walisema atakuwa anaingia humo kuwachungulia. Akawaapia mbele ya wote kwamba hatafungua folda ya mtu mpaka mwenyewe awe ameketi pembeni yake. Ndipo wakakubali. Akivunja kiapo leo, kesho hatakuwa na uso wa kuwatazama. Asipofungua, bosi alishasema wazi kwamba mafundi wako wengi mjini.

"Basi anza na yangu," alisema mhasibu, akivuta kiti. "Utakuta picha za mbuzi wangu tu. Usiwatamani."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, macho yake yaliganda kwenye kioo. Kompyuta kuu haikuonyeshi kilichomo ndani ya folda ya mtu mpaka uifungue, lakini uzito wake unauona hata ukiwa nje. Folda za wengine zilikuwa nyepesi kama jana. Moja tu ilikuwa imevimba, imejaa karibu kupasuka. Ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, ndiye mchoraji wa ofisi, na ndiye aliyemtafutia kazi hii. Waliishi nyumba moja, sufuria moja, na mama mkwe juu yao wote. Akamwomba bosi na mhasibu wampishe kidogo, akaenda mpaka meza ya shemeji, akainama kama anayeangalia waya.

Akamweleza taratibu kwamba ameona ilipo. Shemeji akaapa hajagusa kitu. Mara akasema mashine imekosea. Mara akaomba wangoje mteja aondoke kwanza, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, maana mteja ndiye anayezifuata hizo ramani. Kijasho kilimtoka puani.

"Shemeji, sifungui bila wewe. Ila ukibaki umekaa hapa, mimi ndiye nitakayeondoka."

Shemeji akanyanyuka kama mtu anayepelekwa kudungwa sindano. Alipoketi mezani kwa fundi kuandika neno lake la siri, fundi aligeuza uso ukutani.

"Geuka huku tu," shemeji akasema. "Nilichoficha utakiona tu."

Folda ya wote ilikuwa humo nzima nzima. Na ndani yake, katikati ya ramani za wateja, palikuwa na nyumba moja isiyo na mteja. Kwa sauti ya chini shemeji alieleza kwamba ni nyumba anayotaka kujijengea ahamie, aliichora kwa siri na kuificha humo ionekane ya mteja. Jana aliposikia folda ya wote itasafishwa, alikurupuka kuihamishia kwake, kipanya kikakokota folda nzima badala ya ramani moja. Alipogundua asubuhi, bosi alishaanza kufoka.

Fundi akaitazama nyumba ile. Sebule, jiko, kibaraza, chumba kimoja cha kulala. Akatafuta kingine, hakukiona.

"Mama atalala wapi?"

"Hamna nafasi yake. Ndiyo maana niliificha."

Fundi aliirudisha folda ya wote mahali pake, ramani ya ile nyumba akaiacha kwenye folda ya mwenyewe. Bosi alipouliza, akajibu kwamba kosa ni lake: aliwaachia watu wote ruhusa ya kuhamisha folda nzima, na tangu sasa hakuna atakayeweza. Bosi akanung'unika, lakini jina hakulidai, maana mteja alishafika mapokezi.

Baadaye shemeji alipita mezani kwake, akauliza kama kaka yake ataambiwa.

"Mwambie Mama wewe," fundi alisema. "Leo, kabla mimi sijafika nyumbani."

Jioni shemeji akachukua koti lake, akatangulia. Fundi alibaki kitini, kazi imekwisha, akimpa muda wa kufika kwa mama yake. Chini ya meza miguu yake haikutulia.