Kaburi Nyuma ya Jiko

Ukimwachia mtu nyumba ya baba yako, mwambie mapema ni kitu gani asiweke ndani ya ua. Medina hakusema, maana hakujua kama kuna la kusema.

Nyumba yenyewe iko pembeni ya mji wa Arua, Uganda, upande wa Ediofe. Ni ya matofali ya kuchoma, na baraza yake ya simenti nyekundu mama yake alikuwa akiisugua kila Alhamisi mpaka magoti yanamuuma. Ukikaa hapo unasikia kengele ya kanisa kuu, unasikia na adhana. Medina aliolewa mji wa Koboko, akamzaa binti, Latifah. Wazazi walipofariki, akamweka Alice, mjane wa Kilugbara mwenye mtoto mmoja, akae bure na kuitunza nyumba. Miaka kumi na moja Medina alilala Koboko, lakini kila akiota, anaota yuko kwenye ua ule.

Mvua za mwaka juzi Alice akapiga simu. Mtoto wake Simon amefariki kwa homa, na barabara ya kwao imekatwa na maji.

"Mama Latifah, nisaidie. Nimlaze nyuma ya jiko tu."

"Mlaze, dada yangu," Medina akasema, huku analia naye.

Alijibu kama Mnubi. Kwao maiti anapelekwa makaburini kwa Waislamu wenzake, watu wanarudi, nyumba inabaki nyumba. Hakujua kwamba kwa kina Alice, pale ulipozika mtu wako ndipo kwenu.

Mwaka huu mumewe Nasur alifariki. Eda ilipokwisha, Medina akafunga mizigo, akamshika binti yake Latifah mkono, wakaja Arua kukaa. Ua ulikuwa umefagiliwa vizuri. Nyuma ya jiko kaburi lilikuwa limejengewa kwa simenti, na karibu yake palikuwa na shemeji wa Alice, mzee Okuonzi, amevaa koti lake. Akaleta kiti.

"Karibu, mama. Umekuja kututembelea."

Medina hakuketi. "Kutembea? Mimi nimezaliwa kwa chumba ile pale."

"Nyumba iko yako, hakuna mtu anakataa. Lakini mtoto yetu iko hapa, na ni wewe ulitoa ruhusa. Unafikiri sisi tunazika mtu kwa nyumba ya watu?"

"Nilitoa kaburi. Sikutoa ua."

"Kwetu hiyo ni kitu moja."

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Akasoma karatasi za marehemu baba, akazikunja polepole.

"Nyumba ni ya Medina. Akitaka, mtamtoa mtoto, mtampeleka kwenu, na Alice atahama. Mama, neno iko kwako."

Okuonzi akatazama chini. Alice akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Mama Latifah, sikukuibia. Mara mbili nimefunga vitu niende. Nafika barabarani, narudi. Nani atamsalimia asubuhi?"

Medina akamfikiria Nasur kule Koboko, hata siku mia mbili hajamaliza ardhini, na mtu anakuja na jembe.

"Msifukue," akasema.

"Basi kaa na sisi," Alice akasema. "Chumba ya mbele iko wazi."

Medina akaingia. Kilikuwa chumba cha mama yake. Alisimama katikati, akaona jinsi itakavyokuwa: kila akitaka kupanda mboga au kujenga choo, lazima kwanza amuulize Okuonzi. Kwa nyumba ya baba yake. Latifah akamvuta nguo.

"Mama, tunalala hapa?"

"Hapana. Tunarudi Koboko, kwa shangazi yako Rabia."

Alice akawasindikiza mpaka kwenye njia, akilia bila sauti. Okuonzi akawafuata na kuku wa njiani, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, kama anavyopewa kila mtu aliyekuja kutembea. Medina akampokea kwa mikono miwili, akashukuru.