Sabuni ya Bibi Shamba

Nililimwaga lile kopo miguuni pa bibi shamba, mbele ya watu wote. Wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, wakavu, wakatawanyika juu ya viatu vyake kama punje za mtama.

"Hawa ndio wanaonimalizia saladi," nikasema. "Nimewaua mwenyewe, maana ofisini kwenu nimeleta habari tangu masika, kimya. Wakubwa tope hawalijui."

Majirani wakaguna kuniunga mkono. Nilikuwa nimewaita makusudi, pamoja na Mzee Adinani, balozi wetu wa nyumba kumi, waje wasikie. Tangu mke wangu Moza afariki, matuta haya ya bondeni Marambo ndiyo yanayoniamsha asubuhi. Na mpishi wa nyumba ya wageni kule Nachingwea alishanirudishia mzigo mmoja: majani yamejikunja, yananata. Akirudisha wa pili, basi, atatafuta mkulima mwingine.

Bibi shamba, Dionisia, binti wa umri wa kumzaa kabisa, aliegemeza baiskeli yake, tairi kalijaza nyasi kwa kukosa mpira wa ndani, akachutama, akageuza jani. Upande wa chini palikuwa na vijidudu vya kijani, vidogo kuliko ufuta, vimebanana.

"Vidukari, baba. Hawa ndio wanaonyonya."

Akaokota tutani mdudu mwekundu mmoja aliyesalia hai, akamweka pale. Tukainama wote. Mdudu akakamata kidukari, akakitafuna, akasogelea kingine.

"Huyu ni mwenzetu," akasema taratibu.

Mzee Adinani akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Bwanali! Umewanyonga mgambo, wezi umewaachia nyumba!"

Kicheko kikanizunguka. Masikio yakawaka moto.

"Sasa tunyunyize maji ya sabuni, chini ya majani," Dionisia akaendelea, kama hakusikia.

"Sabuni!" nikafoka. "Sabuni ya duka gani, siku hizi za uhaba? Mke wangu kaoshwa kwa maji matupu, leo unaniambia niogeshe majani?"

Watu wakatazama chini. Ni kweli alioshwa hivyo, na waliozinyima duka zetu sabuni sijawasamehe. Lakini wakati ule sikuwa namlilia Moza. Nilimtoa kaburini nimfanye ngao, nisichekwe.

Dionisia akafungua mkoba. Akatoa kipande cha sabuni ya kuogea, chembamba kama ganda, unywele mmoja umenata juu yake. Akakikatia chote kwenye ndoo yangu ya maji, akakoroga kwa mkono.

"Na wewe?" mama mmoja akamuuliza.

"Mimi maji yapo."

Tukaosha majani, jani kwa jani, mimi na yeye. Alipomaliza akajipangusa kwenye sketi.

"Wekundu wakirudi, waache, baba. Ijumaa nitapita nione mzigo."

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia, "Angalia tairi lako."

Watu walipoondoka nikakaa kwenye tuta. Mikono yangu ilinukia sabuni aliyoikosa Moza. Nikaiweka mbali na uso, nikaiacha hivyo, sijui niipeleke wapi.