Kamba Iliyolowa

Niliishika kamba, na kiganja changu kikatoka na maji.

Ilikuwa imetundikwa juu ya uzio wa mzee Nemesio, kamba ya ngozi ya ng'ombe iliyosukwa, nene kama kidole gumba. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nyasi zilikuwa kavu, nguzo za uzio zilikuwa kavu, hata vumbi la njiani lilikuwa limeshaanza kupeperuka, maana upepo wa kaskazini ulivuma usiku kucha, na upepo huo ukivuma kwetu Corrientes hakuna umande unaotua. Kila kitu kilikuwa kikavu isipokuwa kamba. Na kamba hiyo ndiyo ambayo ingepima uwanja wa mbio asubuhi ile ile.

Mimi ni mtu wa shaka. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, nikimkodolea macho mkunga kana kwamba amenificha pacha wangu. Padri akihubiri, wenzangu humtazama usoni, mimi humtazama mikono. Kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa maana ya kamba iliyolowa. Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua: ngozi ikilowa huvutika, ikikauka hujikaza. Ukipima kwa kamba iliyovutika, utahesabu vilevile kama siku zote, lakini uwanja utatoka mrefu kuliko ulivyopaswa kuwa.

Uwanja mrefu ulimfaa mtu mmoja tu, Don Anselmo Ifrán.

Miezi miwili kabla ya hapo mume wangu Zoilo alipeana naye mkono mbele ya mkuu wa polisi. Farasi wetu jike, Torcaza, angeshindana na farasi mrefu mweusi wa Ifrán, wawili peke yao, kwenye mstari ulionyooka. Tukishinda, Ifrán angetuandikia kipande cha ardhi tulichojenga nyumba yetu, ambacho kwa karatasi kilikuwa chake. Tukishindwa, angemchukua Torcaza na sisi tungehama kabla ya Krismasi. Kisima pale alikichimba Zoilo. Michungwa niliipanda mimi, nikaimwagilia kwa ndoo katika miaka ambayo hata sisi tulioga kwa zamu. Umbali waliokubaliana ulikuwa kuadra tatu, kipimo chetu cha mbio, na Zoilo aliulizwa mara mbili akasema tatu, maana Torcaza alikuwa mwepesi kama kofi, lakini pumzi yake iliishia hapo. Baada ya kuadra tatu alikuwa farasi wa kubebea kuni.

Mzee Nemesio Aquino ndiye aliyekuwa akipima viwanja vyote vya kijiji chetu, Paso Ombú. Alikuwa pia baba wa ubatizo wa binti yetu Nélida, yaani kompadre wetu, na kompadre kwetu ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu humchagui. Wiki iliyotangulia alikuja nyumbani kunywa yerba, chai yetu ya majani machungu. Tulikuwa tukipokezana kibuyu na mrija, Zoilo amekaa kizingitini akitazama barabara, na mzee akaanza habari zake za vipimo, ambazo nilishazisikia mpaka zikanichosha.

"Komadre, unajua vara ilitoka wapi?"

"Dukani," nikasema.

"Ilitoka Hispania. Kulikuwa na mfalme, wakampima mkono, wakakata fimbo sawasawa na huo mkono."

"Bibi yangu alipima kitambaa kuanzia ncha ya pua yake hadi vidoleni, na vara yake ilikuwa inatosha gauni. Huyo mfalme alikuja lini Corrientes kutunyooshea mkono?"

Akacheka hadi akapaliwa. Akasema basi kuadra ni vara mia na hamsini, upande mmoja wa mtaa wa mji, kwa sababu wazee wa zamani walikimbiza farasi barabarani, kutoka kona hadi kona. Na ligi je, nikamuuliza, ile ya kupimia safari? Akasema ligi ni mwendo wa farasi kwa saa moja.

"Farasi wa nani?"

"Wewe," akasema mzee Nemesio, "ungemuuliza hata Mungu siku ya kwanza ameipima kwa saa gani."

Zoilo hakucheka. Alikuwa bado anatazama barabara. Mimi nikabaki nikiwaza kwamba kila kipimo duniani kilianzia mwilini mwa mtu fulani, na mtu ndiye kiumbe wa mwisho ninayeweza kumwamini.

Sasa nilikuwa nimesimama uani kwa mzee Nemesio na kiganja kilicholowa. Nilikwenda pale kwa sababu sikupata usingizi, nikitaka kuiona kamba kabla ya wengine. Alitoka jikoni na kofia mkononi, akaniona, akajua nimejua.

"Ifrán amekupa nini, kompadre?"

Alikaa juu ya kigogo taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na maneno yaliyopangwa tayari, mengine ya Kiguarani, ambayo ndiyo lugha nzuri zaidi ya kutukania.

"Ifrán hajui lolote," akasema.

"Usinifanye mtoto."

"Nakuapia kwa ubatizo wa Nélida. Aliyeniomba ni Zoilo."

Nilisikia jogoo, nikasikia ndoo ikigongana mahali fulani, na nadhani niliuliza Zoilo yupi, kana kwamba tulikuwa nao wengi.

"Anataka kwenda zake mjini, komadre. Hawezi kusema. Mwanamume akifunga mizigo kwa hiari, watu husema ameshindwa na maisha. Akipoteza mbioni, humpa kinywaji na kumbeba mpaka stesheni. Alilia hapa, hapo ulipo. Mimi nimeshazeeka, sijui kumkatalia mtu anayelia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeutumia usemi huo juu ya watu wengine maisha yangu yote. Miezi miwili nilikuwa nikiwachungulia vibarua wa Ifrán, nikilala mlangoni kwa Torcaza wasije wakamlisha kitu, nikimnusa hata maji yake ya kunywa. Wakati huo huo paa letu lilikuwa linavuja upande wa mashariki na Zoilo akisema atalitengeneza kesho. Tangu Kanivali, binamu yake alipokuja kututembelea na viatu vinavyong'aa, Zoilo hakuwa amepigilia hata msumari mmoja. Mimi mwenye macho ya mwewe sikuliona. Niliumia, nasema wazi. Niliumia kuliko siku niliyomzika mama yangu, kwa sababu mama hakuniacha kwa hila.

"Pima unavyotaka," nikamwambia mzee, nikaenda zangu.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa tangu mapema. Chipá, vimikate vya muhogo na jibini, zilikuwa zinauzwa moto, pombe ya miwa ilikuwa inazunguka, na wenye kubeti walikuwa wanatembea na noti zilizokunjwa kati ya vidole wakiita.

"Mia kwa mweusi! Mia kwa mweusi, nani ananipokea?"

"Napokea mimi, na mkeo akikuuliza mwambie ulilewa!"

Mzee Nemesio alikuwa ameshamaliza. Mstari wa kumalizia ulikuwa umechorwa kwa chokaa, na kamba ilikuwa begani kwake. Chirola, mpanda farasi wetu, mtu mzima mfupi kama kisiki, alikuwa akimtembeza Torcaza. Zoilo alikuwa amesimama karibu na mstari, amevaa shati lake la kanisani. Shati la kusafiria, nikawaza. Nikampita bila kumsemesha, nikaenda mpaka walipokaa wanaume wakubwa.

Kwetu mwanamke haingilii mambo ya mstari. Na kumtilia shaka mpimaji ni kumtia doa yeye na ukoo wake. Nilijua pia kwamba nikisema kweli, Zoilo hatainua kichwa tena Paso Ombú.

"Bwana mkuu," nikamwambia mkuu wa polisi, "kamba ya kompadre wangu imepata umande usiku. Si kosa la mtu. Naomba uwanja upimwe kwa fimbo."

Hakuna mtu pale ambaye hakujua kwamba usiku ule haukuwa na umande. Walitazama anga, wakatazama viatu vyao vyenye vumbi.

"Eulogia," akasema Zoilo, "rudi kwenye mkokoteni."

"Nitarudi. Fimbo ikija."

Nilimtazama Ifrán. Nilikuwa bado namngojea akatae, nafsi yangu yote ilikuwa inamwomba akatae, ili nipate mtu mwingine wa kumchukia. Akavua kofia yake.

"Umande una hila," akasema. "Bibi ana haki. Ipimwe upya, na kwa gharama ya muda wangu."

Wakaleta vara ya kituo cha polisi, fimbo ngumu yenye chuma ncha zote mbili. Mzee Nemesio akaipindua juu ya ardhi, ncha baada ya ncha, amepiga magoti, akihesabu kwa sauti. Hakunitazama. Kazi ile ilikula asubuhi yote, na alipofika vara mia nne na hamsini, mstari wa chokaa ulikuwa bado mbele yake, mbali kiasi cha kuingia nyumba yetu nzima pamoja na kisima. Wakachora mwingine. Ule wa zamani hakuna aliyeufuta.

Mbio za kwetu hazina bendera wala bunduki. Wapanda farasi wawili hutoka pamoja, hukimbia kidogo, mmoja akiona amepunjwa hurudi, wakaanza tena, mpaka wote wawili waseme "twende." Walirudi na kurudi hadi watu wakaanza kuzomea.

"Mnacheza ngoma au mnakimbia?"

"Chirola, shuka umbebe wewe!"

Kisha nikasikia "twende" mbili kwa pamoja, na ardhi ikaanza kutetemeka.

Torcaza alikuwa mbele tangu mwanzo. Alikimbia shingo imenyooka, masikio yamelala, na yule mweusi nyuma yake akila pengo kidogo kidogo, bila haraka, kama anayejua mali yake inamngoja. Kwenye mstari mpya Torcaza alikuwa mbele kwa kichwa tu. Watu wakapiga kelele. Mimi sikupiga, nilikuwa bado natazama, na nikaona pumzi ikimtoka, mweusi akimpita, na kwenye chokaa ya zamani mweusi alikuwa mbele kwa mwili mzima.

Zoilo naye alikuwa anaitazama chokaa ile ile. Watu walikuwa wanamkumbatia, wanampiga mgongoni, na yeye anatabasamu kama anayeng'olewa jino.

Ifrán alisaini hati ya ardhi juma lile lile. Zoilo akatengeneza paa.

Alikaa. Miaka arobaini alikaa, akalima, akauza machungwa, akamwoza Nélida, akamzika Nemesio. Sikumwambia ninachojua, naye hakuniuliza kwa nini niliomba fimbo. Alikuwa mume mwema, hilo siwezi kulikana hata mbele ya Mungu. Lakini kila alipokaa kizingitini akitazama barabara nilitafuta kazi ya kufanya karibu na mlango, na akichelewa kurudi kutoka mjini niliangalia kwanza kama shati la kanisani lipo.

Baridi ya mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, nilimnywesha yerba kwa mrija na ghafla nikachoka kunyamaza.

"Ulitaka kwenda wapi?"

Hakuuliza lini. "Rosario. Kiwanda cha nyama."

"Peke yako."

Alinigeuzia uso, na nikaona nimemtukana.

"Nafasi mbili, Eulogia. Wewe ungekuwa upande wa makopo. Binamu alishatupatia na chumba, dirisha linatazama mto. Nélida angesoma kwa masista."

Niliweka kibuyu chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Nilifikiria dirisha hilo. Nilifikiria kwa haki kabisa, nikajitahidi kulipenda, na sikutaka kumdanganya mtu aliyebakiza siku chache.

"Ningekataa," nikasema.

Akafumba macho, akautafuta mkono wangu juu ya blanketi, akaushika.

Baada ya maziko nilikaa nikamwandikia yule binamu: je, kilikuwepo chumba, na dirisha, na nafasi mbili? Bado yu hai, na angenijibu. Asubuhi nikaisoma tena ile barua, nikaisokota, nikawashia moto wa kuchemshia maji.