Tundu la Nne

Golikipa aliporuka kushoto, Shangazi Mariyamu naye aliruka kushoto, amekaa vilevile kwenye mkeka, miguu ameikunja, maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Bega lake lilimgonga kaka yangu Jamali, na Jamali akamsukuma mgeni wetu mpaka kiwiko cha mgeni kikagusa ukuta. Mpira ulipaa juu ya mwamba.

"Mumeona?" shangazi alisema akihema. "Mumeona vile nimeutoa?"

Tuliona. Tuliona pia, mimi na Jamali, kwamba golikipa wa mchezo ule aliruka mwenyewe, kama anavyoruka siku zote, kwa akili ya mashine. Waya wa shangazi ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lisilo na uhai.

Mashine yenyewe ilikuwa pleisteshen ya zamani ambayo Jamali aliinunua Uvira. Ilizaliwa na matundu mawili tu, kwa wachezaji wawili. Jamali akaitafutia kile kisanduku cheusi kinachogeuza tundu moja kuwa manne, akaja nacho nyumbani kwa maringo ya mtu aliyeleta bibi harusi. Shangazi alikuwa muuza mawese, na sebule yetu ilikuwa nusu sebule, nusu ghala la mabidoni, yale madumu yake ya mafuta. Haukupita muda, bidoni moja ikavuja, mafuta yakaingia kwenye tundu la nne, likafa. Yale matatu yaliendelea kufanya kazi. Nyaya zake zilikuwa fupi, kwa hiyo kila aliyetaka kucheza ilimbidi akae karibu, goti kwa goti, tumebanana kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye kichanja.

Siku hizi ziwa limepanda. Pale palipokuwa sebule yetu, Rumonge, maji yanafika dirishani, na nimeambiwa samaki wadogo huingia kwa mlango na kutokea jikoni. Nikilala naiona hivyo: pazia la manjano likipepea chini ya maji, kioo cha televisheni kikiwaka, na sisi wanne tumekaa palepale, nguo zetu kavu, tunacheza. Hakuna anayeshangaa. Harufu ya mawese iko palepale pia.

Mgeni aliitwa Assumani. Alikuwa anashona vifuniko vya viti vya pikipiki kule Nyanza-Lac, na familia yake ilikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kilinyooka mpaka shangazi akamwuliza kama amekipiga pasi. Alikuja kuniposa mimi. Baba yetu alikuwa amekwisha fariki, na jibu la posa lilikuwa mikononi mwa shangazi aliyetulea. Kabla yake alikuwa amewakataa wawili: mmoja kwa sababu alicheka na chakula mdomoni, wa pili kwa sababu hakucheka kabisa. Huyu wa tatu aliambiwa aje alasiri za mwisho wa juma, aonwe kwanza, halafu ndipo zijulikane mbivu na mbichi.

"Mwanamume na mwanamuke wakikaa faragha, wa tatu ni shetani," shangazi alisema siku ya kwanza, akijiteremsha polepole katikati yetu. "Sasa sisi tuko wane. Na matundu iko ine. Shetani atacheza na nini?"

Basi ilibidi apewe maneti. Jamali, fundi wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hakutaka kumwambia kwamba tundu la nne limekufa kwa mawese yake mwenyewe. Alimwambia, "Shangazi, wewe ni golikipa. Sisi tutakimbia, wewe tulindie." Shangazi alilinda. Alilinda kwa mwili mzima, kwa bismillahi na kwa matusi madogomadogo ya Kirundi. Baada ya majuma mawili, wanawake wa sokoni walikuwa wanamwita Golikipa, naye anaitika.

Halafu mteja mmoja akapiga hodi. Shangazi akanyanyuka kumpimia mafuta, mguu wake ukanasa waya, waya ukachomoka kisandukuni. Hakuhisi. Sisi tulikuwa katikati ya mchezo. Machoni petu wote golikipa akaruka, akaudaka mpira, akasimama nao kifuani.

Assumani aliutazama ule waya uliolala sakafuni. Akamtazama Jamali, na Jamali akauma mdomo asicheke. Nilingoja Assumani acheke yeye. Nilikuwa nimekwisha jiandaa kumchukia kidogo. Hakucheka. Aliuchomeka waya palepale ulipokuwa, na shangazi aliporudi akijipangusa mikono, akampa maneti yake mwenyewe, iliyo hai, akachukua ile ya shangazi.

"Mama, leo wewe njoo mbele ucheze. Mimi nitakaa golini."

Shangazi aliipokea kwa mashaka. Mashine ikamtii. Yule mtu mdogo mwenye alama nyekundu kichwani akaenda kulia, akarudi kushoto, akaenda tena kulia. Shangazi hakuufuata mpira. Alimkimbiza yule mtu kandokando ya mstari wa uwanja, akafika pembeni, akageuka, akapanda tena hadi pembe nyingine, na wakati huo wote hakusema neno. Sijawahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo isipokuwa kwenye sala.

"Huyu anasikia," alisema mwishowe, sauti chini. "Ule wa golini alikuwa mukaidi sana. Alikuwa anaenda na kichwa yake."

Pale ndipo nilipompenda Assumani. Nalisema wazi, sina haja ya kulizungusha.

Shida ni kwamba mabao yalianza kuingia. Shangazi alipoteza mpira kila alipoupata, maadui wakaja mbio, na golikipa wa mashine hakuweza kuzuia yote. Nyuma ya kila bao alikuwepo mtu mmoja wa kulaumiwa, na mtu huyo alikuwa amekaa ukutani akibonyeza vitufe visivyofanya kitu. "Eh, Assumani! Umelala?" Yeye anaomba radhi. "Wakati wangu hazikuwa zinaingia hivi!" Anaomba radhi tena.

Jumatatu moja, tukimimina mawese, shangazi aliniambia bila kuniangalia: "Mutoto muzuri, ana heshima. Lakini hapana. Mwanaume hajui kulinda goli, nyumba ataweza kuilinda? Juma hii ikiisha nitamurudishia posa yake."

Nilishika kibuyu, mafuta yakapita mdomo wa chupa, yakanimwagikia miguuni. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Kulisema kungenipa mume. Lakini nilimtazama, kitenge amekifunga kiunoni, uso umetulia kwa haki aliyoitoa, nikalimeza.

Jumamosi alasiri Assumani alikuja, na umeme ukakatika. Jamali alitoka kuuliza majirani kama wao wanao. Kioo kilipozima, chumba kilibaki na mwanga wa pazia tu, na ziwa likasikika nyuma ya nyumba likivuta pumzi. Shangazi alisinzia palepale, kichwa chake begani kwangu. Assumani alikuwa upande wa pili wake.

"Mwambie," nilinong'ona. "La sivyo atakukataa."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba golini hakuna mtu."

"Akijua leo hakuna mtu, atajua na jana hakukuwa na mtu. Aliya, wanamwita Golikipa sokoni. Nikimvua hilo, mlango huu nitaingiaje tena?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Shangazi alikoroma kidogo, akajiweka vizuri begani.

Siku ya jibu ilipofika, nilinyoosha mkono mbele ya magoti ya shangazi, nikaichukua maneti ya Assumani, ile iliyokufa, nikamwachia yangu mapajani.

"Leo mimi golini," nilisema.

Aliitazama ile maneti hai, akanitazama mimi. Jamali alikohoa, akajifanya anarekebisha sauti ya televisheni.

Assumani alikuwa anajua kucheza! Hata Jamali alishtuka. Alichukua mpira katikati ya maadui, akapita, akafika mbele ya goli, na hapo alipoweza kufunga hakufunga. Akampa shangazi. Shangazi akaupoteza. Assumani akautafuta tena, akamletea tena, akamwekea miguuni kama mtu anayempa mtoto kijiko. Shangazi akapiga nje. Akapiga mwamba. Kwangu nyuma mabao yaliingia moja baada ya jingine. "Aliya! Hata wewe?" shangazi alifoka. Nami nikaomba radhi kama nilivyofundishwa.

Karibu na mwisho Assumani alimletea mwingine, na shangazi akapiga, ukaingia.

Alipiga ukelele ambao ulimtoa jirani yetu Kabibi jikoni kwake. Akaja akafunua pazia, mwiko mkononi, kuuliza nani amekufa. "Hakuna mufu hapa!" shangazi alimjibu. "Nimefunga!" Kabibi alimtazama, akatutazama, akarudi kwenye sufuria yake.

Mechi ilikwisha. Tulikuwa tumefungwa vibaya. Shangazi aliiweka maneti chini kwa uangalifu, akamwangalia Assumani kwa muda, halafu akageuka kuniangalia mimi.

"Ninyi wawili," alisema, "hakuna hata mumoja anajua kulinda goli."

Alijifuta jasho la shingoni.

"Basi muoane. Musiende kuharibia watu wengine nyumba zao. Assumani, ambia wazee wako waje."

Akajifanya anatafuta pindo la kitenge chake. Jamali alilala chali kwa kicheko. Assumani aliinamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mama." Mimi niliendelea kubonyeza vile vitufe visivyofanya kitu, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.